Jinsi ya kujua mwanasiasa mhafidhina wa Marekani alisimama wapi kwenye sheria za haki za raia

Wadau, kila msimu wa uchaguzi Marekani ukifika lazima mtu alete ile hoja kwenye grupu, kwamba Wademokrat ndio walioikataa sheria ya haki za raia ya 1964 (ile iliyopiga marufuku ubaguzi kwenye hoteli, migahawa na ajira) na Warepublican ndio walioipitisha, mwingine anamjibu wahafidhina wote walikuwa wabaguzi tu, basi ugomvi unawaka hadi usiku wa manane na hakuna hata mmoja aliyefungua kura zenyewe. Mimi mada hii inaniuma, watu walipigwa, wakafungwa na wengine wakauawa wakidai haki hizi, kwa hiyo tuijue vizuri. Ngoja niwaelekeze navyofanya.

Kwanza kabisa usianze na chama, anza na ramani. Miaka ile kila chama kilikuwa na wahafidhina wake na waliberali wake, na Kusini karibu yote ilikuwa ngome ya Wademokrat. Chukua kura ya Seneti ya tarehe 19 Juni 1964, muswada ulipita 73 kwa 27. Kwa chama unapata Wademokrat 46 ndiyo na 21 hapana, Warepublican 27 ndiyo na 6 hapana, na wengi wanaishia hapo wanakimbilia kupost. Sasa toa pembeni yale majimbo 11 yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ndiyo Kusini yenyewe. Maseneta wake 22, aliyesema ndiyo ni mmoja tu, Ralph Yarborough wa Texas, Mdemokrat. John Tower, naye wa Texas, Republican pekee kwenye hao 22, kasema hapana. Na kwenye Baraza la Wawakilishi hakuna Republican hata mmoja wa Kusini aliyeukubali.

Halafu uliza ni kura ipi inayoongelewa, maana muswada mmoja unapigiwa kura nyingi. Wapinzani waliukalia kwa filibasta, yaani kuongea bila kikomo ili kura isipigwe, Robert Byrd wa West Virginia peke yake aliongea masaa 14 na dakika 13. Asubuhi ya tarehe 10 Juni ndio ikapigwa kura ya kufunga mjadala, zilitakiwa 67 zikapatikana 71, na bila Everett Dirksen, kiongozi wa Warepublican kwenye Seneti, kuwavuta Warepublican wenzake zisingefika. Siku hiyo seneta Clair Engle wa California aliletwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu, ana uvimbe kwenye ubongo, hawezi tena kuongea, jina lake lilipoitwa akainua mkono akaonyesha jicho lake, kwa sababu Kiingereza chao neno la jicho (eye) na neno la kukubali (aye) yanatamkwa sawa. Ikahesabiwa ndiyo. Mwisho wa mwezi uliofuata akafariki.

Sasa angalia hapa: Carl Hayden wa Arizona alikataa mjadala kufungwa ila muswada akaukubali, Norris Cotton wa New Hampshire na Bourke Hickenlooper wa Iowa wakafanya kinyume chake. Ukichukua kura moja tu unaweza kumsingizia mtu.

Tatu, soma sababu aliyotoa mwenyewe. Barry Goldwater, seneta wa Arizona na mgombea urais wa Warepublican 1964, aliunga mkono sheria za haki za raia za 1957 na 1960, hii ya 1964 akaikataa, akidai katiba hairuhusu serikali kuu kuingilia hoteli, migahawa na ajira za watu binafsi. Usimweke kapu moja na Strom Thurmond, seneta wa South Carolina, aliyesimama akiongea masaa 24 na dakika 18 kuzuia hiyo sheria ya 1957, iliyohusu haki ya kupiga kura. Lakini usiishie kwenye maneno, angalia na nani aliyapokea, Novemba ile Goldwater alishinda Arizona kwao na majimbo matano ya Kusini, Mississippi akapata kama asilimia 87, na huko watu weusi wengi mno walikuwa wamezuiwa hata kujiandikisha. Kwangu mimi hoja ya katiba, hata kama aliiamini, isingemfungulia mtu mweusi mlango wa ile hoteli. Na William McCulloch, mbunge Republican wa Ohio, alikuwa mhafidhina vilevile, watu weusi kwenye eneo lake wachache, na bado aliubeba huu muswada.

Nne, mfuate mtu miaka yote. George Bush mkubwa (baba) akiwania Seneti Texas 1964 aliipinga sheria, 1968 akiwa mbunge wa Houston akapigia ndiyo sheria ya kuzuia ubaguzi kwenye kuuza na kupangisha nyumba, 1990 akiwa rais akaukataa muswada wa kupinga ubaguzi kwenye ajira, 1991 akasaini mwingine. John McCain akiwa mbunge wa Arizona 1983 aliikataa sikukuu ya Martin Luther King, 2008 akiwania urais akaenda Memphis, alikouawa King, akakiri alikosea.

Kura za majina zipo bure kwenye tovuti ya GovTrack, weka tarehe utaona kila mtu na jimbo lake. Ila hakikisha kwanza kama mtu wako alikuwepo bungeni siku hiyo, Ronald Reagan 1964 hakuwa na cheo chochote kwa hiyo msimamo wake utautafuta kwenye kauli zake, na Goldwater alishatoka Seneti sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965 ilipopigiwa kura, kwa hiyo anayekwambia aliipigia hapana muombe akuonyeshe hiyo kura.