SOMO: Namna ya kumfundisha Muukraine neno "piga" bila mtu kuumia

Wakuu, naandika hapa mara moja yaishe, maana kila wiki inbox ni ileile, "mwalimu, mwanafunzi wangu Muukraine kaniuliza piga maana yake nini nimekwama". Nafundisha wageni Kiswahili hapa Paje, Waukraine ndo nimewazoea zaidi. Someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

1. Usianze na orodha ya maana. Haiishi.

2. Anza na ngumi, kofi, teke, ngoma. Kwao ni byty, hapo hata humfundishi.

3. Mwambie kwingine kote maana imekaa kwenye jina linalofuata, yeye ameze vyote viwili kama neno moja: piga pasi, piga mswaki, piga deki, piga miayo, piga magoti.

4. HAPA NDO PENYEWE, na hapa ndo mimi niliharibu. Nilimfundisha dada mmoja "piga simu" na "piga picha" kwa siku moja, nikamwambia mtu unamchomeka tu katikati, na-m-piga, basi. Kesho yake yuko ufukweni kakutana na mama anatoka kwenye mwani kabeba mtoto, dada wa watu kwa adabu zote, "Shikamoo mama, naomba nimpige mtoto?" Yule mama alimvuta mtoto ndani ya kanga akaondoka bila hata kuitikia. Jioni ananisimulia habari za mama yake mzazi yuko Odesa, "Jana nilimpiga mama, akalia sana." Nikajua kosa ni langu.

Dawa nimeipata kwenye lugha yao wenyewe. Kiukraine jina hubadilika mwisho kufuatana na kazi yake. Ukiwa unampigia simu, mama anakuwa "mami", ukiwa unampiga picha anakuwa "mamu". Kwahiyo nawaambia hivi, ukisikia mami kichwani weka -pigia, ukisikia mamu weka -piga. Nampigia mama simu, nampiga mama picha. Wanaelewa palepale, wengine wanacheka kabisa.

ONYO: simu inaweza kudondoka, "nimempigia" inatosha. Picha ikidondoka ni kesi ya polisi.
ONYO la pili: "nampigia mama picha" nayo ni Kiswahili safi, ila hapo unapiga picha kwa niaba yake au kwa ajili yake. Usiifundishe siku hiyohiyo, nakuomba.
ONYO la tatu: kura haifuati mchezo huu, wao mgombea wanamtangulizia neno "za". Ifundishe peke yake.

5. "Nimepigwa" bila kitu mbele: ama kachapwa ama katapeliwa. Sura yake itakwambia.

6. Za mtaani, piga stori, piga chini, piga mzinga, ziwe za mwisho.

MASWALI

— Mkuu kwani piga simu kwa Kiukraine wanasemaje?
Dzvonyty. Ila hili ni somo la piga.

— Naomba maana zote kwenye pidiefu.
Hatua ya 1.

— Mnawaharibu wageni, piga mzinga ni Kiswahili gani sasa?
Nimeandika ya mwisho, hukufika huko? Halafu mgeni wa huku anapigwa mizinga kila siku akitoka getini, bora ajue jina la kinachompata.

— Mwalimu, kwanini simu idai -ia na picha isidai? Mimi mwenyewe nimezaliwa na lugha hii sijawahi kujiuliza.
Swali zuri sana hili. Jipime kwa kutendwa: mtu anapigwa picha, tendo linatua kwake mwenyewe, ila anapigiwa simu, maana kinachopigwa ni simu na yeye inamfikia tu. Upande wa picha weka teke, busu, chenga. Upande wa simu weka kura, debe, magoti, kelele. Utamu uko kwenye makofi, yako kotekote: mwimbaji anapigiwa makofi, mwizi anapigwa makofi. Mfano huo mmoja unafanya kazi kuliko somo langu zima hapo juu.

— Nje ya mada, wangu anatamka "hodi" vizuri kuliko Mrusi niliyekuwa naye, ni yeye tu au?
Ni lugha yao. Ile herufi ambayo Warusi wanaisoma g, Waukraine wanaisoma karibu kabisa na h yetu. Kazi utaipata kwenye ng'ombe.

— Ng'ombe mimi nawaambia waanze kuguna "mng" halafu waachie. Inasaidia.
Naiba hiyo.

— Nimejaribu leo hatua ya 4 na ile ya makofi. Kanitumia voisi sasa hivi, "mwalimu, nimempigia mama makofi". Nimpe tiki?
Muulize kwanza kama mama alikuwa anaimba.