Kutunga kanuni za mwamba wa pweza kijijini kwenu

Kabla hamjaandika kanuni hata moja, nendeni mwambani wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana, mkaangalie nani anaishi kwa mwamba ule. Huku kwetu pwani ya Kilwa ni akina mama na vijiti vyao, wanachokoa pweza shimo kwa shimo. Wapiga mbizi wenye miwani wako mbele, maji ya kina. Mwamba wa karibu ukifungwa, yaani uvuvi ukisimamishwa kwa muda ili pweza wakue, mama huyu anakosa mboga na hela ya daftari siku hiyohiyo, na mwenye mashua anahamia kwingine. Kwa hiyo msingi wa kwanza ninaowaandikia watu juu kabisa ya karatasi ni huu: atakayepoteza zaidi aseme kwanza. Kikao cha wachokoaji kiitwe maji mafu, siku ambazo maji hayatoki sana na wako nyumbani.

Katika kikao hicho msianze na faini. Anzeni na pweza mwenyewe. Maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja na ushee, lakini anakua upesi sana. Jike akitaga hujifungia shimoni, analinda mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Wazee wengi wanayajua haya kwa macho yao, na wakiyasema wao yanapokelewa kuliko nikiyasema mimi au afisa uvuvi. Hapo ndipo wazo la kufunga linapata maana. Andavadoaka, Madagascar, walianza kufunga sehemu ya mwamba mwaka 2004, na sehemu nyingi za mwambao wetu sasa wanafunga miezi mitatu hivi.

Msifunge mwamba wote. Chagueni kipande, na mipaka iwe vitu ambavyo kila mtu anaviona maji yakitoka: mkondo, jiwe kubwa, mkandaa uliosimama peke yake. Maboya huibwa. Tazameni pia kalenda ya nyumbani. Kufunga mwezi ambao shule zinafunguliwa ni kuwalazimisha watu kuvunja kanuni waliyoipitisha wenyewe.

Adhabu ndiyo inayoleta ugomvi, basi ipeni muda. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizodumu na misitu, mifereji na uvuvi wao, akaona adhabu zao huanza ndogo na kupanda kadiri mtu anavyorudia. Nami nakubaliana naye kabisa. Nani atamtoza shangazi yake laki moja kwa pweza mmoja? Hatatozwa, na wiki inayofuata mwamba umejaa watu. Mara ya kwanza aonywe mbele ya kamati na pweza achukuliwe; mara ya pili faini anayoweza kuilipa; akiendelea, apelekwe mbele zaidi.

Siku ya kufungua iandikiwe kifungu chake, maana faida ya miezi mitatu inaweza kuondoka kwa asubuhi moja. Wageni watakuja, na wanunuzi watakuja na bei yao mfukoni. Kubalianeni bei mapema, mizani iwe moja, na wachokoaji waingie kabla ya wapiga mbizi. Pweza asiyefika gramu 500 aachwe, kanuni za uvuvi za nchi zinataka hivyo. Mtaimbo usiingie mwambani, kwa sababu shimo lililovunjwa halipati mpangaji mwingine. Kateni kiasi kidogo kwa kila kilo kiende kwenye mafuta ya doria. Bila hicho walinzi watachoka mapema.

Kwa upande wa sheria, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, kinatambuliwa bara chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003. Rasimu ipite mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari usainiwe, kisha iende halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe kuwa sheria ndogo. Zanzibar mtapitia kwa sheha na kamati ya wavuvi ya shehia.

Ikirudi, isomeni kwa sauti dikoni, vyombo vinaposhusha samaki, saa ya mnada, na ibandikwe hapo. Tangu siku hiyo katibu aandike uzito wa pweza kila mnapofungua. Kifungu kinachowaumiza watu bila kumkuza pweza kirudishwe kikaoni kabla ya kufunga tena.