Jinsi ya kumwonyesha mbwa wako upendo kwa namna anayoielewa

Kazi yangu ni kufundisha mbwa pamoja na watu wanaoishi nao. Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote ni haya: "Nampenda sana mbwa wangu, mbona nikimkumbatia anajichomoa?" Upendo upo, ila haujamfikia. Sisi binadamu tukipendana tunakumbatiana kifua kwa kifua na kuangaliana usoni. Kwa mbwa, mtu anayemwinamia na kumzungushia mikono amemzibia njia ya kutokea. Wapo waliozoea kukumbatiwa na wapo wanaofurahia, lakini wengi wanavumilia tu. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa zinarudi kwenye jambo moja: muulize mbwa, kisha ungoje jibu lake.

Hatua ya 1: Ijue "hapana" yake

Mbwa haanzi kukataa kwa kunguruma. Anaanza kimya kimya. Anageuza uso pembeni. Anajiramba pua na hakuna chakula karibu. Anapiga miayo wala hana usingizi. Masikio yanalala nyuma, mwili unakakamaa, na weupe wa jicho unajitokeza pembeni kama mwezi mwandamo. Ukiona lolote kati ya hayo wakati unampapasa, ondoa mkono na umpe nafasi.

Akifikia kunguruma, ujue amekwisha kusema mara kadhaa na hakusikilizwa. Tafadhali usimwadhibu kwa kunguruma. Mbwa aliyekatazwa kuonya hujifunza kung'ata bila onyo, na nimeona nyumba ambamo jambo hilo lilimwumiza mtoto.

Mkia nao huwapotosha watu. Mkia uliosimama wima ukitikisika kwa mitikisiko mifupi ya haraka, na mwili umekaza kama ubao, si wa mbwa mwenye furaha. Huyo yuko chonjo. Mbwa aliyefurahi hulegea mwili mzima: mdomo uko wazi kidogo, mkia unapepea kwa upana hadi kiuno nacho kinacheza.

Hatua ya 2: Mguse kwa ruhusa yake

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu ndipo kwenye kazi yenyewe.

Keti au chuchumaa ukimpa ubavu, usimkabili. Weka mkono chini, karibu na paja lako, aje aunuse mwenyewe. Usimfuate. Akija, mkune kifuani, pembeni ya shingo au chini ya kidevu. Acha utosi kwanza. Mkono unaoshuka kutoka juu mbwa hauoni vizuri, na kama amewahi kupigwa, mkono huo anaujua kwa sura nyingine kabisa.

Mkune huku ukihesabu moja, mbili, tatu. Kisha acha, urudishe mkono pajani na ungoje. Akikusogelea, akikusukuma kwa pua au akikuegemea kwa bega, amesema ndiyo. Endelea, halafu baada ya muda muulize tena kwa njia ile ile. Akibaki anatazama kando, akijikung'uta kama aliyetoka majini, au akiondoka, amesema hapana. Mwache aende. Hapana inayoheshimiwa leo ndiyo inayomrudisha kesho.

Nilimpokea mbwa wangu Chui akiwa na umri wa miaka miwili hivi, ametoka mahali alipokuwa akipigwa. Mkono wowote ukiinuka, hata wa kujikuna kichwa, alijibana sakafuni. Kwa wiki tatu sikumgusa kabisa. Kila jioni nilikaa chini, nikampa ubavu, nikapanga vipande vidogo vya nyama kutoka karibu na goti langu hadi katikati ya chumba. Siku ya kwanza alichukua kile cha mbali pekee, shingo imenyooshwa mpaka mwisho, miguu ya nyuma imebaki kule kule tayari kukimbia. Nikawa naitazama hiyo miguu ya nyuma. Kila baada ya siku mbili tatu ilisogea hatua moja. Wiki ya nne alikula kipande cha mwisho, akasimama, kisha akaweka kidevu juu ya muundi wangu. Sikujongea hadi mguu ukaingia ganzi. Nilipomkuna polepole chini ya shingo na kuacha baada ya tatu, aliinua kichwa, akautazama mkono wangu, akausukuma kwa pua. Tangu siku hiyo simgusi mbwa yeyote bila kuhesabu.

Hatua ya 3: Tumia sauti na macho

Mwaka 2016, watafiti wa Budapest, Hungaria, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya na mbwa 13 waliofundishwa kulala bila kutikisika ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Sehemu za ubongo zinazohusika na raha ziliamka pale tu neno la sifa liliposemwa kwa sauti ya sifa. Neno lisilo na maana kwake, hata likisemwa kwa sauti tamu, halikutosha. Na neno la sifa lililosemwa kwa sauti kavu halikutosha pia. Kwa hiyo chagua maneno mawili au matatu, kama "vizuri" na "mbwa mwema", kila mtu nyumbani ayatumie hayo hayo, na yatoke moyoni. Jina lake usilitumie kukaripia. Liwe neno ambalo kila akilisikia, jambo jema linafuata.

Kuhusu macho, utafiti wa Japani wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana kwa muda, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili. Ni homoni ile ile inayohusika na mapenzi ya mama na mtoto mchanga. Lakini huyo ni mbwa anayekuamini. Kwa mbwa mgeni, kukodolewa macho ni tishio. Hata kwa wako, tazama kwa kope zilizolegea, na akitazama pembeni usimlazimishe.

Hatua ya 4: Mwachie matembezi yawe yake

Watu wengi humvuta mbwa kutoka kwenye kila kichaka kwa sababu wana haraka. Vipokezi vya harufu katika pua yake huhesabiwa kwa mamia ya milioni, wakati vyetu ni milioni chache tu. Pale anaposimama na kunusa shina la mti, anasoma nani amepita, lini, na katika hali gani. Kumkatisha kila mara ni kama kumfungia mtu kitabu usoni.

Tumia kamba ya mita 3 hadi 5 mahali penye usalama, na angalau mara moja kwa siku yeye achague njia na mwendo. Weka simu mfukoni. Kila akigeuka kukutazama bila kuitwa, msifu pale pale, wakati mwingine kwa kipande cha nyama. Utashangaa baada ya wiki mbili jinsi anavyogeuka mara kwa mara.

Hatua ya 5: Chezeni na mfundishane

Dakika 5 mara mbili kwa siku zinatosha. Mfundishe jambo dogo kwa tuzo, na umalize akiwa bado anataka kuendelea. Kuvutana kamba ni mchezo mzuri. Usiogope kumwacha ashinde. Tuzo ziwe ndogo kama punje ya njegere, na usimpe chokoleti, vitunguu wala zabibu, kwani ni sumu kwake.

Hatua ya 6: Matunzo nayo yaombewe ruhusa

Kuchana manyoya, kukagua masikio, kutafuta kupe, kukata kucha: yote haya ni mguso, na kanuni ya kuhesabu inafanya kazi hapa pia. Shika unyayo kwa sekunde moja, tuzo, achia. Kesho sekunde mbili. Kucha moja kwa siku si aibu.

Hatua ya 7: Linda usingizi na chakula chake

Mbwa mzima hulala karibu nusu ya siku au zaidi. Awe na pahali pake ambapo hakuna anayemfuata, wala mtoto wala mgeni. Usimbusu akiwa usingizini, usimpapase akiwa anakula. Ukimhitaji, mwite kutoka mbali aje mwenyewe.

Na kama mbwa aliyependa kuguswa ameanza ghafla kukwepa mkono, usifikiri amekuchoka. Mara nyingi ana maumivu: jino, sikio, kiungo. Angalia ni sehemu gani hataki iguswe, iandike, na umpeleke kwa daktari wa wanyama mapema iwezekanavyo.