Namna ya kuandika maoni ya Doctor Who kabla hayajapoa

Msimu wa pili wa Ncuti Gatwa akiwa Daktari, yule msafiri wa anga na wakati katika tamthilia ya Doctor Who, ulitoka mwaka 2025, sehemu nane, moja kila Jumamosi kuanzia tarehe 12 Aprili hadi 31 Mei. Hapa Uingereza, isipokuwa ya mwisho iliyotoka jioni, zilikuwa zinawekwa iPlayer, huduma ya BBC ya mtandaoni, saa mbili asubuhi, kisha jioni zinarushwa BBC One. Mimi ni muuguzi, na Jumamosi nyingi saa hiyo ndiyo kwanza nimerudi kutoka zamu ya usiku. Mdogo wangu anasoma Glasgow na Jumamosi anashinda kazini dukani. Kwa hiyo mimi natazama asubuhi, yeye anatazama usiku, na hapo katikati ananidai maoni. Naeleza ninavyoyaandika, kwa ajili ya mtu yeyote anayeipenda tamthilia kwa moyo wote lakini akiulizwa imekuwaje, anaishia kusema "kali sana".

Anza kwa kuweka simu mbali. Yangu inakaa jikoni, juu ya friji. Sehemu ya kwanza, The Robot Revolution, ilipoisha niliishika simu papo hapo, nikasoma maoni ya watu nusu saa nzima. Nilipokaa kuandika ya kwangu, nikakuta naandika ya wengine: roboti zile zinachekesha, hadithi inakwenda mbio. Belinda Chandra, mwenzake mpya Daktari, ni muuguzi kama mimi, na hata neno moja juu ya hilo sikuandika. Tangu siku hiyo ni daftari na kalamu, dakika kumi, kabla ya mtu yeyote kuniambia lolote. Usitafute sentensi nzuri. Andika vipande tu: nani alifanya nini, uso wake ulikuwaje, ulishtuka wapi.

Halafu tangulia kuandika ulichokiona, ulichokihisi kifuate. Nililielewa hili kwa The Well, ya tarehe 26 Aprili. Aliss, anayeigizwa na Rose Ayling-Ellis, ni kiziwi, kama alivyo Rose mwenyewe. Daktari na Belinda wanamkuta peke yake katikati ya ukumbi, kwenye kituo cha sayari fulani, watu wote wa kituo wamekufa. Nyuma yake kuna kitu. Ukimzunguka mpaka ukafika nyuma ya mgongo wake kabisa, unarushwa hewani, umekwisha. Kwenye daftari nilianza na "inatisha mno". Nikakata, kwa sababu neno hilo lingefaa hata kwa filamu ya nyoka. Nikaandika hivi badala yake: Belinda anamtazama Aliss begani, uso unabadilika, na kamera haituonyeshi alichokiona. Hapo nikajua nilichokuwa nakiogopa. Yalikuwa macho ya Belinda. Kitu chenyewe sikukiona hata kidogo.

Katika sehemu hiyo hiyo wanaeleza hatari kwa uso wa saa. Aliss yuko katikati, na nyuma yake kabisa ndipo penye kumi na mbili. Sisi mshale ukiwa pale juu hatusemi kumi na mbili, tunasema saa sita. Baadaye inabainika kwamba sayari ile ni ile ile ya sehemu ya mwaka 2008 iitwayo Midnight, yaani saa sita ya usiku. Nilisimama, nikazunguka sebule nzima. Kwa Kiswahili, mahali pa kufia na jina la sayari ni neno moja! Vitu kama hivi usividharau kwa kuwa watengenezaji hawakuvikusudia. Kama lugha yako imekuonyesha, ni mali yako, iandike.

Kuhusu kumwaga ubuyu, niko mkali. Mtu ambaye hajatazama ana haki ya kushtuka kama ulivyoshtuka wewe. Mimi nayagawa maoni mara mbili. Asubuhi natuma ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja, ndani yake hakuna tukio hata moja, ni hali yangu tu. Baada ya The Well nilimwambia, "Leo nimekaa nimeegemea ukuta, sitaki kuwa na nafasi nyuma yangu." Yote yaliyobaki yanasubiri daftarini mpaka atazame.

Sasa nifike kwenye lililo kubwa kwangu. Tarehe 10 Mei ilikuja The Story & the Engine, iliyoandikwa na Inua Ellams, mzaliwa wa Nigeria. Tuko Lagos, katika kinyozi. Wanaume wamefungiwa humo, na kila mmoja akikaa kitini lazima asimulie hadithi huku ananyolewa. Hadithi ndiyo nguvu ya ile injini inayotajwa kwenye jina. Akimaliza, nywele zinaota upya. Kutazama hilo tu kulinitosha, kwa sababu kinyozi ninachokijua mimi ndivyo kilivyo, anayenyolewa hana ruhusa ya kunyamaza. Lakini kuna mahali Abena, mwanamke aliyemo humo, anakaa nyuma ya Daktari na kumsuka, na kwenye misuko ile anachora ramani ya kuwatoa mle ndani. Nilisimamisha, nikarudisha nyuma, nikatazama vidole tu. Bibi alikuwa akitusuka twende kilioni barazani, kichwa umekibana kati ya magoti yake, anagawa nywele kwa ncha ya kitana huku anasimulia. Ule mvuto wa ngozi pembeni ya sikio niliusikia kabisa, nikiwa nimekaa peke yangu asubuhi ya baridi.

Msomaji wa maoni yako anakitaka hicho. Aliyeongoza na bei ya utengenezaji atayapata kwingine. Jiulize: katika sehemu hii, ni jambo gani mimi nalijua kwa mikono yangu? Kama ni fundi cherehani, tazama mavazi. Kama umelea, tazama watoto wanavyobebwa. Mimi niliandika juu ya wodi, maana zamu ya Daktari ya kusimulia ilipofika, huyu aliyeziona nyota zikizaliwa alichagua kusimulia habari za Belinda akiwa kazini, muuguzi na mgonjwa wake, siku ya kawaida. Na injini ikajaa nguvu. Nililia. Nilikuwa bado nimevaa sare. Nimeliandika hilo kama lilivyo, bila kulipamba.

Sehemu uliyoichukia ilalie usiku mmoja kwanza. Ya mwisho, The Reality War, iliniuma, na maoni niliyoandika saa ile ile yalikuwa matusi matupu. Kesho yake nilijilazimisha kutaja tukio lenyewe. Wiki hadi wiki Belinda alikuwa anataka kurudi kwao, kwenye maisha yake mwenyewe. Mwisho wanatubadilishia: tunaonyeshwa kwamba muda wote alikuwa anamrudia mtoto, Poppy. Na vita vinapopamba moto, yeye na mtoto wanafungiwa ndani ya kisanduku wakalindwe. Muuguzi aliyenitoa machozi wiki tatu kabla amekaa sandukuni. Nilipoyaandika hayo, hasira ilipata anwani, na mtu anaweza kunijibu. Mdogo wangu alinijibu kweli, hakukubaliana nami.

Ukishamaliza lawama, toa haki kwa kilichostahili. Gatwa, kijana aliyezaliwa Kigali, anaaga akiwa mlangoni pa TARDIS, chombo anachosafiria, mikono ameitanua, mwanga unamtoka, anabadilika mwili kama Daktari afanyavyo anapofika mwisho, na uso unaobaki ni wa Billie Piper, tuliyemjua kama Rose, mwenzake Daktari, tangu mwaka 2005. Juu ya hilo niliandika mstari mmoja tu: "Ametabasamu mpaka mwisho." Sikuwa na zaidi, na sikulazimisha.

Saa nne usiku simu ikaita. "Dada, nimemaliza. Haya, soma."

Nikawasha taa, nikafungua daftari, nikamsomea kuanzia mstari wa kwanza, pamoja na yale niliyoyakata.