Jinsi ya kuwasilisha ombi la hataza la mgawanyo au la mwendelezo ukiwa Dar es Salaam

Mkaguzi wa hataza (patent) akikuandikia kwamba ombi lako lina uvumbuzi zaidi ya mmoja, usikimbilie kufuta madai, yaani sentensi zinazotaja kile unachotaka kilindwe, na kuyaacha yapotee. Madai hayo unaweza kuyatoa na kuyafungulia ombi lake, likabaki na tarehe ileile ya ombi la kwanza. Nayaandika haya baada ya kuhangaika na ombi la mashine ya kukaushia dagaa iliyoundwa kwenye karakana yetu mtaa wa Gerezani. Mashine ilikuwa kundi moja la madai, njia ya kukausha kundi la pili, na mkaguzi akataka tuchague moja. Jinsi ya kuandika madai na jinsi ya kufungua ombi la kawaida BRELA, wakala wa usajili wa hapa Tanzania, siyarudii hapa; anayefika hatua hii ameshayapitia.

Jambo la kwanza ni kujua nchi gani inaruhusu nini. Mgawanyo upo karibu kila mahali. Mkataba wa Paris, ambao Tanzania imo tangu 1963, unasema katika kifungu cha 4G kwamba mwombaji anaweza kugawanya ombi lake, ama kwa sababu mkaguzi ameona uvumbuzi zaidi ya mmoja, ama kwa hiari yake mwenyewe, na kila sehemu ikabaki na tarehe ya awali. Mwendelezo ni utaratibu wa Marekani: unafungua ombi jipya (ombi mtoto) lenye maelezo na michoro ileile ya ombi la kwanza (ombi mama), ila madai ni mengine, hata kama mkaguzi hakulalamikia chochote. Ukiongeza jambo jipya kwenye maelezo, hilo si mwendelezo wa kawaida tena, na jambo lile jipya halipati tarehe ya zamani. Wengi wetu hapa tunafungua ombi nyumbani au ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare, kisha ndani ya miezi 12 tunaingia Marekani kwa haki ya kipaumbele, yaani haki ya kuhesabiwa tarehe ya ombi lile la kwanza. Huko ndiko kwenye fomu nyingi na ada nzito, kwa hiyo kuanzia hapa nazungumzia Marekani.

Barua ya kukutaka uchague kundi inakupa miezi 2 ya kujibu. Unaweza kuongezewa muda hadi ifike miezi 6, lakini kila mwezi wa nyongeza unalipiwa. Jibu lazima litaje kundi ulilochagua, hata kama hukubaliani na mkaguzi. Pingamizi lako liandike humohumo. Madai usiyoyachagua yanawekwa kando, hayafutwi.

Hapa kuna njia ya kuokoa pesa ambayo hakuna aliyetuambia. Kama umechagua kifaa, na kundi lililowekwa kando ni njia ya kukitengeneza au kukitumia kifaa hichohicho, mkaguzi akishakikubali kifaa unaweza kumwomba ayarudishe madai ya njia kwenye ombi lilelile. Sharti ni kwamba madai ya njia yabebe sifa zote za kifaa kilichokubaliwa. Kwa hiyo wakati unarekebisha madai ya kifaa, rekebisha na yale yaliyowekwa kando yaende sambamba nayo. Akikubali, huhitaji kulipia ombi la pili.

Asipokubali, unagawanya. Ombi mtoto lazima lifunguliwe mama akiwa hai, yaani kabla hataza haijatolewa na kabla ombi halijatelekezwa. Barua ya kukubaliwa ikifika unapewa miezi 3 ya kulipa ada ya kutolewa, na muda huo hauongezwi. Baada ya kulipa, hataza inaweza kutoka Jumanne yoyote, kwa kuwa Jumanne ndiyo siku yao ya kutoa hataza. Ushauri wangu ni huu: ombi la mgawanyo au mwendelezo liingie kwanza, ndipo ulipe ada ya kutolewa. Usimsikilize anayekwambia bado kuna wiki kadhaa za kujipanga.

Sasa fomu. Kuna karatasi ya taarifa za ombi, PTO/AIA/14, na ndani yake kuna sehemu ya kutaja ombi la awali la humohumo Marekani. Hapo unajaza namba ya ombi mama, tarehe yake, na uhusiano: mgawanyo au mwendelezo. Wakala tuliyempa kazi aliiacha wazi. Maelezo yalikuwa yaleyale, michoro ileile, jina la mvumbuzi lilelile, na bado ofisi ya hataza ya Marekani ikalisoma kama ombi jipya kabisa lenye tarehe ya siku lilipoingia. Usidhani ni kosa dogo la karani. Ombi mama huwa limeshachapishwa, kwa kawaida miezi 18 tangu tarehe ya kwanza kabisa, na uchapishaji huo ukishapita mwaka mmoja unatumika dhidi yako. Hapo mashine yako mwenyewe ndiyo inayokunyima hataza.

Kurekebisha kunawezekana bila adhabu ndani ya miezi 4 tangu ulipofungua ombi mtoto, au miezi 16 tangu tarehe ya ombi mama, ukihesabu ile inayochelewa zaidi. Ukivuka hapo, unaandika maombi rasmi ya kukubaliwa kwa kuchelewa, unatamka kwamba ucheleweshaji wote haukuwa wa makusudi, na unalipa ada kubwa. Sisi tuliilipa. Inauma, kwa sababu kilichokosekana ni mstari mmoja.

Neno unaloweka kwenye uhusiano nalo lina uzito. Andika mgawanyo pale tu ambapo mkaguzi ndiye aliyekulazimisha kuchagua, na madai unayoyapeleka ni yale aliyoyatenga. Ukifanya hivyo, ofisi haiwezi kuyakataa kwa hoja kwamba yanafanana mno na hataza yako ya kwanza. Mwendelezo hauna kinga hiyo. Mara nyingi utatakiwa kusaini hati ya kukubali kwamba hataza ya pili itakoma pamoja na ya kwanza na kwamba zote mbili zitabaki kwa mmiliki mmoja. Kwa muda hupotezi sana, maana vyovyote vile miaka 20 inahesabiwa tangu ombi la kwanza la Marekani kwenye mnyororo huo.

Nyaraka nyingine ni nyepesi. Tamko la mvumbuzi unaweza kutumia nakala ya lile la ombi mama, usimsumbue mtu aliyehamia Mwanza kusaini upya. Haki ya kipaumbele ya ombi la BRELA au ARIPO lazima uitaje tena kwenye fomu mpya. Nakala iliyothibitishwa ya ombi hilo, kama ipo kwenye jalada la mama, haihitajiki mara ya pili. Maelezo yapakie kama faili la docx, kwani ukipeleka PDF unatozwa nyongeza.

Punguzo la asilimia 80 kwa waombaji wa kipato kidogo halirithiwi. Tamko lake linajazwa upya kwa kila ombi, na mvumbuzi asiwe ameshatajwa kwenye maombi zaidi ya 4 ya awali ya Marekani. Maombi watoto nayo yanahesabiwa humo, kwa hiyo anayegawanya sana anaweza kulipoteza.

Kabla ya kulipa, piga simu benki uulize kikomo cha siku cha malipo ya mtandaoni kwenye kadi yako, na uombe kiongezwe mapema. Angalia na saa. Siku yao inakwisha saa sita usiku ya Virginia, ilipo ofisi ya hataza ya Marekani, ambayo kwetu ni saa moja asubuhi ya siku inayofuata wakati wa kiangazi chao, na saa mbili asubuhi wakati wa baridi. Usiku wa Dar unaweza kukuokoa, mradi umeme na intaneti vipo.

Stakabadhi ya kupokelewa ikifika, nenda moja kwa moja kwenye mstari unaotaja ombi mama. Linganisha namba tarakimu kwa tarakimu, kisha tarehe, kisha neno la uhusiano. Kukiwa na kosa, peleka fomu iliyosahihishwa wiki hiyohiyo.

Na kama ndani ya maelezo bado kuna kitu ambacho hujakidai, kwetu ilikuwa trei zinazozunguka, fungua mwendelezo mwingine kabla ombi la pili halijatolewa, na kwenye fomu utaje yote mawili, mama na bibi. Usikae nalo sana: tangu 19 Januari 2025, ombi la namna hii linalofunguliwa zaidi ya miaka 6 baada ya tarehe ya ombi la kwanza la Marekani kwenye mnyororo huo linatozwa nyongeza ya dola 2,700, na likivuka miaka 9 ni dola 4,000, kabla ya punguzo.