Kabla Hujapaka Silikoni Kwenye Tangi la Samaki, Angalia Haya

Tangi likianza kuvuja, usikimbilie silikoni yoyote, ile gundi ya kuzibia nyufa, iliyo karibu. Hamisha samaki kwanza, waweke kwenye beseni safi lenye maji yao yaleyale ya tangini, washa pampu ya hewa, halafu tulia. Samaki wakiwa salama, huna sababu ya kuharakisha.

Hakikisha unachonunua ni silikoni kweli. Vile vijaza nyufa vya akriliki ambavyo hupakwa rangi juu yake havifai, kwa sababu vikikaa ndani ya maji muda mrefu hulainika na kuachia. Na kama tangi lako ni la akriliki, yaani plastiki angavu, na si la kioo, weka silikoni kando kabisa. Haishiki vizuri pale, na akriliki ina gundi yake.

Soma tarehe. Silikoni nyingi hudumu takribani mwaka mmoja tangu kutengenezwa, na iliyopitwa inaweza kubaki inanata siku zote. Ukiwa na shaka, minya kidogo juu ya kipande cha kioo uiache hadi kesho. Ikiendelea kunata kidoleni, tupa tyubu nzima.

Sasa harufu, maana hapa watu wanadanganyana sana. Utaambiwa, "Ikinukia siki, hiyo ni salama." Si kweli. Silikoni ya aina hiyo hutoa asidi ya asetiki wakati inakauka, na ndiyo inayokuwasha puani. Asidi hiyo huisha silikoni ikishakauka. Kwa hiyo harufu ya siki inakueleza namna gundi inavyokauka, basi. Haikuelezi kiwanda kilichanganya nini kingine humo ndani. Zipo pia zisizonuka siki, ambazo hutoa alkoholi au oksimu zikikauka. Baadhi yake zinafaa na nyingine hazifai, kwa hiyo usizichukue mpaka mtengenezaji ameandika waziwazi kwamba zinafaa kwa tangi la samaki.

Lakini kubwa kuliko yote ni dawa ya ukungu, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Jirani yangu alikuwa na tangi zuri la samaki wadogo aina ya gapi na neoni, pamoja na uduvi wadogo, na kona moja ya chini ilianza kutoa jasho. Nyumbani kulikuwa na tyubu iliyobaki nusu baada ya fundi kuziba kingo za bafu. Ilikuwa silikoni angavu, inanuka siki, imeandikwa silikoni asilimia 100. Kazi aliifanya kwa uangalifu: alikwangua kona, akaisafisha, akapaka vizuri, akasubiri ikauke. Alipojaza maji, hata tone halikutoka.

Walioanza ni uduvi. Walilala ubavu chini kwenye mchanga, miguu ikitetemeka. Halafu samaki wakapanda juu, midomo imegusa uso wa maji, matamvua yamefunguka na kufunga kwa kasi. Akapima maji, akakuta amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, imepanda. Akabadilisha sehemu ya maji, jioni samaki wakachangamka. Kesho yake hali ikarudi ileile. Akabadilisha tena, wakapata nafuu tena, na nafuu hiyo ndiyo iliyompoteza, kwa sababu alidhani anapambana na ugonjwa na kwamba anakaribia kuushinda. Akatia na dawa ya magonjwa ya samaki, ikawa mzigo mwingine juu ya mzigo.

Aliponiita nikamwambia, "Jirani, hebu lete ile tyubu." Nyuma yake, kwa herufi ndogo chini ya picha ya bafu, iliandikwa kwamba inazuia ukungu.

Ukungu hauzuiwi na silikoni yenyewe. Huzuiwa na sumu iliyochanganywa humo, kwa mfano zinki pirithioni, na kuna zilizowahi kutengenezwa kwa dawa zenye aseniki. Sumu hiyo hutoka polepole hadi kwenye uso wa silikoni, tena kwa muda mrefu, kwa sababu ndiyo kazi yake. Bafuni maji hupita yakaenda zake. Tangini maji ni yaleyale usiku na mchana, na samaki anayapitisha kwenye matamvua yake bila kupumzika. Ukibadilisha maji unapunguza kilichokwisha kutoka, lakini chanzo bado kimebandikwa konani. Tena sumu ya namna hiyo inaweza kuua hata bakteria wa kwenye filta, wale wanaokula amonia. Ndiyo maana kipimo cha jirani kilionyesha amonia: ilikuwa matokeo, si chanzo. Tulilazimika kukwangua silikoni yote ile na kutupa sponji ya filta. Wengi wa samaki wake hawakuuona mwisho wa kazi hiyo, na uduvi hakubaki hata mmoja.

Kwa hiyo geuza tyubu. Ukiona neno lolote la kuzuia ukungu, fangasi au bakteria, au la kuua vijidudu, irudishe. Ukiona inapendekezwa kwa bafu na jiko tu, irudishe. Maandishi ya asilimia 100 yasikutulize, kwani silikoni yenye dawa ya ukungu nayo huandikwa hivyo. Kama lebo haieleweki, tafuta karatasi ya usalama ya bidhaa hiyo. Karatasi hizo huwa na sehemu 16. Sehemu ya 3 hutaja viambato na sehemu ya 12 hueleza madhara kwa viumbe wa majini. Jambo rahisi zaidi ni kununua iliyoandikwa kwamba ni ya matangi ya samaki. Wafugaji wa uduvi na konokono wasijadiliane kabisa juu ya hili.

Fikiria pia uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la sentimita 60 kwa 30, lenye kina cha maji cha sentimita 35, linabeba kilo 63 za maji peke yake. Kwenye tangi lisilo na fremu, silikoni ndiyo inayoshikilia vioo. Msukumo wa chini unatokana na kina cha maji, si urefu wa tangi. Baadhi ya watengenezaji huandika ukubwa wa mwisho wa tangi ambao gundi yao inafaa. Heshimu maandishi hayo.

Usipake mpya juu ya kuukuu. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya iliyokwisha kukauka, hata kama kwa macho inaonekana imeungana. Kwangua kwa wembe mpaka kioo kiwe kitupu, pitisha kidole usikie kama kuna utando unaoteleza, kisha futa kwa asetoni au spiriti. Sabuni hapana. Fungua madirisha, na moto usiwe karibu.

Kukauka nako kuna uongo wake. Ngozi ya juu hushika ndani ya dakika chache, lakini silikoni hii hukauka kwa unyevu wa hewani, kuanzia nje kwenda ndani, kwa kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa saa 24. Hewa ikiwa kavu sana, inachelewa. Kwa kiraka chembamba subiri saa 48 hadi 72, na kwa tangi lililoundwa upya wiki nzima ndiyo busara. Ingiza pua ndani ya tangi. Ukisikia siki, bado.

Baada ya hapo jaza maji tangi likiwa mahali tambarare, mbali na soketi za umeme, tandika karatasi kavu chini ya kingo, uache siku moja au mbili. Karatasi ikilowa hata kidogo, rudi mwanzo. Isipolowa, mwaga maji hayo yote, suuza, ndipo ujaze ya samaki. Angalia filta kama ilikaa bila maji muda wote huo, kwa sababu bakteria wake hufa ikikauka. Na tyubu ikibaki, iandike kwa kalamu kwamba ni ya tangi, uitenge na zile za bafuni, maana mwenye kuja kuitafuta siku nyingine huenda asiwe wewe.