Namna ya Kuisoma Hotuba ya Kisiasa: Anza na Shaka ya Msikilizaji

Wanafunzi wangu wa kidato cha tano na cha sita, hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hufika darasani wakiwa wamekwisha kukariri majina ya tamathali za usemi. Ukiwapa hotuba, watakuhesabia takriri (marudio) tatu, sitiari (kuliita jambo kwa jina la jingine) mbili na maswali manne ya balagha, yaani yasiyongoja jibu, kisha watafunga madaftari. Kazi hiyo ina faida yake, lakini inaliacha swali kubwa bila jibu: kwa nini maneno yale yaliwashika watu wale, siku ile? Ninaeleza hapa njia ninayoitumia kulitafuta jibu hilo, kwa ajili ya msomaji yeyote anayetaka kujua hotuba inamfanyia nini kabla hajaipigia makofi.

Kwanza kabisa, usianze na maneno ya msemaji. Anza na watu waliosimama mbele yake, na ujiulize walikuwa na shaka gani mioyoni. Tarehe 29 Januari 1986, siku tatu baada ya wapiganaji wake kuitwaa Kampala, Yoweri Museveni aliapishwa kuwa rais kwenye ngazi za Bunge, na katika hotuba yake ya Kiingereza alisema kwamba mtu yeyote asidhani yaliyokuwa yakitokea siku hiyo ni kupokezana zamu tu kwa walinzi. Yalikuwa, kwa maneno yake, mabadiliko ya msingi katika siasa za nchi yetu. Anayeisoma sentensi hiyo peke yake huiona ya kawaida. Sasa hesabu tawala ambazo Kampala ilikuwa imezishuhudia tangu Idi Amin aondolewe mwezi Aprili 1979: Lule, aliyekaa kwa miezi miwili na siku chache, Binaisa, Tume ya Kijeshi, Obote kwa mara ya pili, na Tito Okello kuanzia Julai 1985. Msikilizaji aliyeyapitia yote hayo kwa muda usiotimia miaka saba alikuwa na haki ya kufikiri kwamba hawa nao ni wale wale. Msemaji alilitangulia wazo hilo, akalitamka kabla halijatamkwa na mtu mwingine, akalikana, kisha akaweka lingine mahali pake. Muundo wa “si hiki, bali kile”, ambao vitabu vyetu huuita tanakuzi, hupata nguvu pale tu “hiki” kinapokuwa tayari kimo kichwani mwa anayesikiliza. Sentensi hiyo ingali inanukuliwa nchini, na wanaomuunga mkono na wanaompinga pia, kila upande ukiitumia kama kipimo chake.

Pili, isikilize hotuba kabla ya kuisoma, na ukiweza uisikilize katika lugha iliyotolewa. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Kiswahili, na unatuhusu sisi Waganda moja kwa moja. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia eneo la Kagera, na tarehe 2 Novemba Julius Nyerere aliwatangazia Watanzania vita kwa maneno haya: “Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo.”

Nayaandika ubaoni katika mistari mitatu, neno chini ya neno. Kwa mpangilio wa kila siku tungesema “tuna uwezo wa kumpiga”. Yeye alilileta mbele jina, akalisukuma tendo mwisho, na kwa hiyo kila kipande kinafunguliwa na neno jipya na kufungwa na lile lile: tunao, tunayo, tunayo. Katikati limekaa “kumpiga”, halibadiliki, kama mapigo ya ngoma. Sarufi ya Kiswahili yenyewe imempa msemaji vina, naye hakulazimika kuvitafuta. Lakini angalia pia kwamba mafungu matatu hayo si marudio matupu, kwa sababu kila moja linajibu shaka yake: je, tunaweza? Je, tuna haki? Je, kweli tutafanya? Takriri hapa imebeba hoja tatu tofauti kwa mwendo mmoja, na ndiyo maana hata asiyeipenda vita hakupata mahali pa kuikatizia.

Baada ya hapo nawaomba wanafunzi watazame viambishi, maana humo ndimo siasa hujificha. Kiambishi “tu-” kinamwingiza kila msikilizaji katika uamuzi ambao wengi wao hawakuulizwa. Kiambishi “-m-” nacho kinamlenga mtu mmoja. Nyerere hakusema “kuwapiga”, wala “kuipiga Uganda”. Mwaka mmoja, msichana aliyekaa karibu na dirisha aliinua mkono akauliza, “Mwalimu, ikiwa ni yeye peke yake, mbona babu yangu alikimbilia Sudan?” Darasa lilinyamaza, kwa kuwa katika West Nile, eneo letu hili, ni nyumba chache zisizokuwa na mtu aliyekimbilia Sudan au Zaire katika vita ile na machafuko yaliyoifuata. Swali lake halikuifanya hotuba kuwa ya uongo. Lilionyesha kwamba kiambishi kinaweza kumteua mmoja, ilhali matokeo huwaangukia wengi, na msomaji makini huvishika vyote viwili.

Kuhusu tanakuzi nitaongeza jambo moja dogo. John Kennedy, alipoapishwa tarehe 20 Januari 1961, aliwaambia Wamarekani wasiulize nchi yao itawafanyia nini, bali waulize wao wataifanyia nini nchi yao. Mwambie mtu mmoja maneno hayo kwa Kiswahili na utaona mgeuko wote ukitokea ndani ya kitenzi kimoja: itakufanyia, utaifanyia. Mtenda na mtendewa wamebadilishana viti.

Sitiari inahitaji uangalizi wa namna nyingine. Tarehe 28 Agosti 1963, mbele ya watu wapatao 250,000 mjini Washington, Martin Luther King alisema kwamba Marekani iliwapa raia wake weusi hundi mbovu, iliyorudishwa kwa maelezo kwamba fedha hazitoshi. Wengi huikumbuka ndoto yake. Mimi huwarudisha wanafunzi kwenye hundi, iliyotangulia. Aliyewahi kufanya kazi asilipwe anaelewa papo hapo, bila kufundishwa sheria wala historia, kwamba anayedai haombi msaada. Hiyo ndiyo kazi ya sitiari katika siasa: inahamisha jambo kutoka mahali linapobishaniwa na kulipeleka mahali ambapo msikilizaji ameshaamua nani ana haki. Kwa hiyo, kila ukutanapo nayo, uliza jambo limehamishwa kutoka wapi, na kama mahali papya panalifaa kweli. Nchi ikiitwa nyumba, nani ameitwa baba, na nani amefanywa mtoto asiye na neno?

Halafu pima kinachomfanya msemaji aaminike. Tarehe 20 Aprili 1964, akikabiliwa na uwezekano wa kunyongwa, Nelson Mandela aliieleza mahakama ya Pretoria kwamba hakukana kuwa alipanga hujuma. Alikubali lile ambalo lingeweza kumwangamiza, akaeleza sababu zake kwa saa kadhaa, na ni mwishoni tu aliposema kwamba yuko tayari kufa kwa ajili ya tumaini lake la jamii huru. Lau angeanza na kufa, ingekuwa majigambo. Mpangilio wenyewe ulikuwa ushahidi.

Ukishaizoea mifano hii, chukua hotuba uliyoisikia redioni au uwanjani wakati wa kampeni na ugawe ukurasa katika safu tatu. Katika ya kwanza andika shaka ya wasikilizaji, katika ya pili maneno yaliyoijibu, na katika ya tatu uyaandike maneno hayo upya kwa lugha kavu, bila vina, bila sitiari, bila marudio, ukiambatanisha ushahidi wowote uliotolewa. Safu ya tatu ikibaki tupu mahali fulani, andika hapo swali lako kwa sentensi moja fupi, na uende nalo kwenye mkutano ujao wa mgombea huyo.